Damu imesema hakuna, picha ya kichwa inasema yupo: maswali yenu kuhusu tegu wa ubongo

Toleo lililopita tuliongelea kifafa kinachoanza ukubwani, tukagusia kidogo tu kwamba moja ya sababu zake kubwa ni watoto wa mnyoo anaeitwa tegu wa nguruwe wanaokaa kwenye ubongo. Basi hapo pa kugusia ndo pameleta barua kuliko ukurasa wote uliobaki. Nyingi zinauliza kitu kimoja kwa namna tofauti: kipimo cha damu kinasema nini hasa. Nimechagua nane, nyingine nimezifupisha.

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu ana miaka 24, hajawahi kuumwa kitu kikubwa, juzijuzi kaanguka ghafla anaoga, povu mdomoni, kajiuma ulimi. Tumempeleka wakampiga picha ya CT, wakaona doa moja dogo la duara na pembeni pamevimba, wakasema inawezekana ni mnyoo tegu. Kapimwa damu majibu yakaja negativu. Sasa nyumbani tumegawanyika, mama anasema maabara wamekosea, baba anasema waliosoma picha ndo wamekosea, mwenyewe anasema yuko mzima tumuache. Nani muongo hapo?
– Kaka mtu

JIBU: Marahaba. Kwanza niweke sawa, mi si daktari, ni mtu wa maabara, kazi yangu inaanzia damu yenu ikishafika kwenye kichupa mpaka jibu linapotoka, kwa hiyo mambo ya dawa na dozi ni ya daktari wake. Ila swali lako ni la kwetu kabisa na nashukuru umeliuliza, maana nimeona watu wakirudishwa nyumbani na hiyohiyo karatasi ya negativu mkononi, wameambiwa hakuna kitu, alafu wanaanguka tena.

Hapo hakuna muongo. Picha na damu haviangalii kitu kimoja. Picha inaangalia kitu chenyewe kilipo kichwani. Damu haimuoni mnyoo, inachotafuta ni kingamwili, yani zile silaha mwili unazotengeneza ukishamtambua mgeni, sasa kama mwili haujamtambua vizuri silaha zinakuwa chache au hazipo na kipimo kinakosa cha kushika. Na huyu mtoto wa tegu anajua kujificha. Anakaa kwenye kifuko chake cha maji, mara nyingi hakizidi sentimita moja au mbili, ndani kuna kichwa chake kidogo kama nukta, na akiwa hai anautuliza mwili usimshtukie, anaweza kukaa miaka bila ugomvi wowote. Vurugu mara nyingi inakuja pale anapoanza kufa, mwili ndo unashtuka, pale alipo panavimba, na mtu anaanguka.

Sasa sikiliza hili vizuri. Kipimo bora cha kingamwili tulichonacho, kile cha mistari nitakachokieleza kwenye swali la tatu, kwa mtu mwenye vifuko viwili au zaidi vilivyo hai kinakamata karibu wote, taarifa yake ya kwanza ya mwaka 1989 ilisema asilimia 98. Lakini kwa mwenye kifuko kimoja tu, kama mdogo wako, uwezo wake unashuka sana, tafiti nyingine zilikuta kinakamata chini ya nusu ya wagonjwa. Kifuko kikishakufa kikawa kigumu kama chokaa ndo kabisa, wengi wanatoka negativu. Hapo naongelea kipimo bora, na huenda mdogo wako hakupimwa hicho.

Kwa hiyo negativu yake isomwe hivi: hatujapata ushahidi kwenye damu. Isisomwe kwamba kichwani hamna kitu. Hizo ni sentensi mbili tofauti kabisa na natamani kila maabara ingeiandika ile ya kwanza chini ya jibu.

Cha kufanya, rudini kwa daktari na karatasi zote mbili, picha na damu, muulizeni damu ilipimwa kwa njia gani na kama kuna haja ya kuipeleka maabara kubwa zaidi. Muulizeni pia kuhusu MRI, ile picha inayopigwa kwa sumaku, kwa sababu CT ni nzuri sana kuonyesha yale yaliyogeuka chokaa ila MRI inaona vifuko vidogo na vile vilivyojificha kwenye njia za maji ya ubongo, wakati mwingine inaonyesha mpaka ile nukta ya kichwa cha mnyoo ndani ya kifuko na hapo hakuna tena ubishi. Na doa moja kichwani linaweza kuwa kitu kingine pia, kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye ubongo kikaonekana hivyohivyo, hata uvimbe wa aina nyingine, ndo maana daktari anaweza kutaka picha irudiwe baada ya muda aone doa linapungua au linakua. Mdogo wako mwambieni kwa upendo kwamba kujisikia mzima leo si sababu ya kuacha dawa za kifafa alizopewa.

SWALI: Dokta mimi sijawahi kula nguruwe maisha yangu yote, nyumbani kwetu hailiwi. Walikuja watafiti wakapima damu watu wengi, yangu ikaja pozitivu ya tegu wa nguruwe. Siumwi, sianguki, kichwa hakiniumi. Nimelia siku mbili, mume wangu ananiangalia vibaya kama nimekula kwa siri. Hii inawezekanaje?
– Mama wa wawili

JIBU: Pole sana mama, na mume wako naomba asome hili kwa macho yake.

Kuna njia mbili na watu wanazichanganya kila siku. Anaekula nyama ya nguruwe yenye vifuko na haijaiva anapata tegu mkubwa, mrefu, anakaa kwenye utumbo. Huyo tegu anatoa mayai, mayai yanatoka na choo. Sasa yoyote anaemeza yale mayai, kupitia mikono ambayo haikunawiwa, au maji, au mboga mbichi, ndo anapata vifuko mwilini na kwenye ubongo. Yani ugonjwa wa ubongo hautoki kwenye nyama, unatoka kwenye mayai ya mtu mwenye tegu tumboni, na huyo mtu anaweza kuwa yule anaepika chakula, na mara nyingi hata mwenyewe hajui anae.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni wa New York. Mwaka 1992 jarida moja kubwa la udaktari la Marekani lilitoa taarifa ya wagonjwa wanne wa tegu wa ubongo kutoka jamii ya Wayahudi wenye msimamo mkali wa dini, watu ambao nguruwe hawamgusi kabisa. Wakafuatilia kwenye nyumba zao wakakuta mayai yalipitia kwenye maandalizi ya chakula, na mmoja wa wafanyakazi wao wa nyumbani alikutwa na tegu. Kati ya hao wagonjwa hakuna aliekula nguruwe. Kwa hiyo mume wako asikuhukumu kwa karatasi ya maabara, karatasi haijui umekula nini.

Sasa turudi kwenye hiyo pozitivu. Kingamwili ni kumbukumbu. Inasema mwili wako uliwahi kukutana na huyu mdudu, haisemi ulikutana nae lini, haisemi yuko wapi na haisemi kama bado yuko hai. Inawezekana ulimeza mayai machache mwili ukayamaliza wenyewe. Inawezekana kuna kifuko kwenye msuli wa mguu kisicho na madhara. Inawezekana pia kuna kitu kichwani kimetulia. Huko Peru na Colombia watafiti waliwapima tena watu walewale baada ya muda, wakakuta sehemu kubwa ya waliokuwa pozitivu wamerudi negativu, yani kumbukumbu ilikuwa ya muda tu.

Kwa hiyo usikimbilie kujiita mgonjwa. Nenda kwa daktari, mweleze hali yako yote ikiwemo maumivu ya kichwa yasiyo ya kawaida, kuona ukungu, kama uliwahi kupoteza fahamu hata mara moja utotoni, na yeye ndo ataamua kama kuna haja ya picha. Na kitu kimoja nakusihi, usimeze dawa yoyote ya minyoo kwa ajili ya hiyo karatasi kabla hujamuona, nitaeleza kwanini kwenye barua ya nne. Ungekuwa na dalili jibu langu lingekuwa kali zaidi, ningekwambia nenda leo.

SWALI: Mimi nasoma maabara mwaka wa pili. Darasani tumeambiwa kuna ELISA na kuna kipimo cha mistari, wanakiita EITB, alafu kuna cha antijeni. Naomba uvitofautishe kwa lugha ya kawaida maana mtihani unakuja na mwalimu anapita haraka.
– Mwanafunzi

JIBU: Hili ndo swali la moyo wangu, nitakuchosha kidogo.

Chukua ELISA ya zamani kwanza. Una kisahani cha plastiki chenye vishimo 96. Kwenye kila kishimo umebandika protini za mnyoo, umesaga vifuko vizima ukachukua mchanganyiko wote uliotoka, unaweka seramu ya mgonjwa, yani yale maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda, kingamwili ikiwepo inanasa, unaosha, unaweka kimeng'enya, unaweka rangi, kishimo kikigeuka rangi unasema pozitivu. Kazi ni ya haraka na watu wengi unawapima siku moja. Tatizo liko kwenye huo mchanganyiko. Minyoo ni ndugu, wana protini zinazofanana, kwa hiyo mtu mwenye tegu wa mbwa aliemletea mavimbe ya maji kwenye ini, au mtu mwenye kale kategu kadogo ka utumbo kanakoitwa *Hymenolepis nana*, damu yake nayo inaweza kunasa palepale na kishimo kikageuka rangi. Unampa mtu jibu la ugonjwa wa ubongo wakati ana kitu kingine kabisa. Ndo maana muongozo wa vyama vya madaktari wa Marekani wa magonjwa ya kuambukiza na ya nchi za joto, uliotoka 2018, ulisema wazi kwamba ELISA ya namna hiyo ya mchanganyiko usiosafishwa isitumike, kitumike cha mistari kuthibitisha.

Cha mistari sasa. Kilitoka Atlanta mwaka 1989, kwenye kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, Tsang na wenzake. Walichofanya ni kuchagua. Walichukua vifuko kutoka kwenye nyama ya nguruwe alieambukizwa, wakatoa protini, wakazipitisha kwenye protini nyingine inayotokana na adesi, ndio adesi hizihizi zinazopikwa, kwa sababu ile protini ya adesi inang'ang'ania protini zenye sukari na kuziacha nyingine zipite. Wakabaki na kundi dogo lililo safi. Kundi hilo wakalitenganisha kwa umeme kwenye jeli, nzito zinabaki juu nyepesi zinashuka chini, wakalihamishia kwenye karatasi laini, karatasi ikakatwa vipande vyembamba kama ufito.

Ukikaa mezani na hicho kipande unakiweka kwenye kijichaneli chake, unamimina seramu iliyochanganywa na maji ya chumvi maalum, kinatikiswa taratibu, unaosha, unaongeza kimeng'enya, unaosha tena, alafu unaweka rangi na hapo unainama unaangalia. Mwanzo karatasi ni nyeupe tupu. Baada ya dakika chache inaanza kutokea mistari ya kahawia, myembamba kama umechora kwa penseli, mmoja juu, miwili chini, na kila mmoja una mahali pake. Iko saba inayohesabika: GP50, GP42-39, GP24, GP21, GP18, GP14 na GP13, namba ni uzito wa protini. Ukitokea hata mmoja jibu ni pozitivu. Ila mtu aliezoea anaangalia zaidi ya hapo, mistari mingi na iliyokolea mara nyingi inaenda na mtu mwenye vifuko vingi vilivyo hai, wakati GP50 peke yake, hafifu, inakufanya uwe mwangalifu kwa sababu wengi wa namna hiyo hawakutwi na kifuko hai kichwani. Kwa hiyo ukiwa kazini usiandike neno pozitivu peke yake, andika na mistari ipi. Daktari mzuri atakushukuru.

Ubaya wake ni kwamba kinataka vifuko halisi vya nguruwe, mikono iliyozoea na muda, ndo maana maabara chache tu zinakifanya. Watu wanatengeneza protini hizo maabara bila nguruwe, moja inaitwa rT24H, ina matumaini makubwa, inawekwa kwenye ELISA na hata kwenye vipimo vya haraka.

Cha antijeni ni kinyume cha vyote hivyo. Hakitafuti silaha za mwili, kinatafuta vitu anavyotoa mnyoo mwenyewe, vinavyozunguka kwenye damu. Mnyoo akiwa hai anatoa, akifa anaacha. Wanatumia kingamwili zilizotengenezwa makusudi, jozi inayotajwa sana ni B158/B60, nyingine inaitwa HP10. Kwa mtihani shika hivi: kingamwili inakwambia mwili ulikutana nae, antijeni inakwambia yuko hai sasa. Mwenye kifuko kimoja bado anaweza kuponyoka kwenye antijeni pia, maana kifuko kimoja kinatoa kidogo mno.

SWALI: Kwani kwa nini tusimeze tu dawa ya minyoo tukamaliza mambo, vipimo vyote hivi vya nini?
– Msomaji

JIBU: Usifanye hivyo, nakuomba.

Dawa zenyewe ni zilezile, albendazole na praziquantel, ila kwenye ubongo kazi yake si kama ya tumboni. Kidonge kimoja cha kutoa minyoo hakitibu ugonjwa wa ubongo, matibabu yenyewe ni ya siku nyingi, kwa dozi inayopimwa na uzito wa mtu. Na vifuko vinapokufa kwa pamoja ubongo unavimba, mtu aliekuwa mzima anaanza kuanguka mfululizo, kichwa kinapasuka, anaweza kupoteza maisha. Ndo maana wanampa kwanza steroidi ya kutuliza uvimbe. Kifuko kikiwa ndani ya jicho, kuua mnyoo kunaweza kuua jicho, kwa hiyo macho yanakaguliwa kabla ya dawa. Kuna wagonjwa ambao ubongo wao tayari umevimba kila mahali, hao hawapewi dawa ya kuua mnyoo kabisa. Na mwenye madoa ya chokaa matupu naye hana mnyoo wa kuua, anahitaji dawa za kifafa tu.

Huwezi kujua uko kundi gani bila picha na vipimo. Ndo kazi yake hiyo.

SWALI: Habari. Nilitibiwa tegu wa ubongo miaka miwili iliyopita, nikapata dawa nikamaliza, sianguki tena. Juzi nimebadilisha hospitali, wakapima damu wakaniambia bado pozitivu nianze dawa upya. Nimechanganyikiwa, ina maana sikupona?
– Dada aliepona (nadhani)

JIBU: Nadhani na mimi umepona, ila tuhakikishe kabla ya kusherehekea.

Kingamwili haziondoki kwa sababu mnyoo amekufa. Zinaweza kubaki miaka. Ni kama nyumba iliyovamiwa na mwizi, mwizi keshakamatwa zamani ila walinzi bado wanalala mlangoni. Kupima kingamwili ili kujua kama mtu amepona ni kuuliza walinzi wakati swali ni la mwizi. Kuanza dawa upya kwa sababu ya hiyo karatasi peke yake ni kosa, na nasikia uchungu kwa sababu zile dawa na steroidi zake si maji ya kunywa.

Kinachojibu swali lako ni picha. Waombe walinganishe picha ya sasa na ya kabla ya matibabu, kama hiyo ya zamani unayo nenda nayo, CD au filamu, usiwaachie kutafuta kwenye mafaili. Kama panapatikana kipimo cha antijeni hicho ndo cha kufuatilia, kwa mtu aliekuwa na vifuko vingi antijeni inashuka ndani ya miezi michache vikishakufa, na isiposhuka hiyo ndo taarifa ya kuogopa. Kinasaidia zaidi kwa wale wenye vifuko vya kwenye nafasi ya maji inayozunguka ubongo, vinavyokua kama kishada cha zabibu, hao wanafuatiliwa kwa muda mrefu na antijeni inawaokoa na picha za kila mara.

SWALI: Daktari anataka kunitoa maji ya uti wa mgongo kwa ajili ya hicho kipimo. Naogopa sindano ya mgongo, nasikia watu wanapooza. Damu haitoshi?
– J.

JIBU: Kwa kingamwili damu inatosha mara nyingi. Kipimo cha mistari kwenye seramu kinafanya kazi sawa na kwenye maji ya uti wa mgongo, pengine vizuri zaidi, kwa hiyo kama sababu ni hiyo tu una haki kabisa ya kuuliza kwa heshima, daktari, hii haiwezi kufanyika kwa damu?

Lakini anaweza kuwa na sababu nyingine, anataka kuondoa mashaka ya kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo, au anahisi vifuko viko kwenye njia za maji, hapo maji yana habari ambayo damu haina. Sindano inachomwa chini, sehemu ambayo uti wenyewe umeshaisha, kupooza ni nadra mno. Hatari ya kweli ni kutoa maji wakati presha ndani ya kichwa iko juu, kwa hiyo swali la kumuuliza ni moja, je picha ya kichwa imeshapigwa na imeruhusu? Akijibu ndio, lala ubavu, kunja magoti kifuani, pumua taratibu.

SWALI: Kabla ya kipimo hicho nifunge kula? Na je ile picha kamili ya damu ya kawaida haiwezi kuonyesha?

JIBU: Usifunge, kula kama kawaida. Picha kamili ya damu haionyeshi, watu wanategemea zile seli ziitwazo eosinofili zipande kwa sababu ni mnyoo, ila kwa tegu wa ubongo mara nyingi ziko kawaida tu, kwa hiyo zikiwa kawaida zisikutulize.

SWALI: Mwanangu wa miaka tisa kagundulika na tegu wa ubongo, kipimo cha mistari kilitoka mistari mitano na MRI imeonyesha vifuko vinne. Ameanza matibabu, anaendelea vizuri. Sasa mimi naangalia nyumba nzima, tuko saba, tupimwe wote damu? Choo? Nianzie wapi? Silali.
– Mama mtoto

JIBU: Mama, pole, na unawaza vizuri kuliko wengi. Mtoto wako alimeza mayai, na mayai yalitoka kwa mtu. Inawezekana mtu huyo mnaishi nae, ana tegu tumboni hana hata dalili, na kila siku anaweza kuwapa wengine. Huyo ndo wa kutafutwa, bila kumtafuta mchawi, kwa sababu hajui na hakukusudia.

Kwa hiyo anzeni na choo, na wapimwe wote, akiwemo anaewapikia na anaelea watoto hata kama halali hapo, na mtoto mwenyewe pia maana kuna anaekuwa na vyote viwili. Damu kwa wengine wasiokuwa na dalili itawaletea hofu zaidi ya majibu, kwa yale niliyomwambia mama wa wawili hapo juu. Mwenye dalili yoyote, kuanguka, kichwa kisichoisha, vinundu chini ya ngozi, huyo aende kwa daktari moja kwa moja.

Kuhusu choo nikwambie ukweli wa darubini. Yai la tegu ni duara dogo la kahawia, ganda lake nene lina mistari kama miale, ndani kuna vikulabu sita ukibahatika kuviona. Ni zuri kulitazama. Lakini tegu hatoi mayai kila siku, unaweza kuangalia choo cha leo hakuna, cha kesho kimejaa, kwa hiyo choo cha siku moja hakitoshi, peleka cha siku tatu tofauti. Na yai la tegu wa nguruwe na la tegu wa ng'ombe yanafanana kabisa, hakuna jicho linaloyatenganisha, kwa hiyo wakikwambia ni mayai ya tegu bila kusema yupi hawajafanya vibaya, na kwa nyumba yenye mtoto kama wako achukuliwe kuwa ni wa nguruwe mpaka ithibitike vingine. Kama maabara ina kipimo cha antijeni ya choo, omba hicho, kinakamata wengi zaidi kuliko darubini.

Akipatikana mwenye nae, atibiwe na daktari anaejua kwamba kuna mgonjwa wa ubongo nyumbani, kwa sababu na yeye anaweza kuwa na vifuko kichwani bila kujua na dawa ya tumboni ikaviamsha.

Na kama kuna mtu nyumbani amewahi kuona kwenye choo chake kitu cheupe bapa kama kipande cha tambi pana, kisichozidi urefu wa kucha ya kidole gumba, asione aibu na asikimwage. Hicho kipande ndo kinaweza kutuambia ni tegu yupi, kwa kuhesabu matawi ya mfuko wa uzazi ndani yake, wa nguruwe ana machache na wa ng'ombe ana mengi. Akiokote kwa glavu, akiweke kwenye kikopo chenye mfuniko na maji safi kidogo, akaze, anawe mikono kwa sabuni mpaka kwenye kucha, aandike jina na tarehe, akilete maabara siku hiyohiyo.